Mada ya Kiswahili sekondari: nawashawishije majaji?

Msemaji wa kwanza:
Shikamooni wakubwa. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Ijumaa tuna mdahalo na shule jirani: "Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari." Tunaunga mkono, nafungua mimi, dakika saba. Mdahalo wenyewe ni kwa Kiingereza, msicheke. Nimeandika ukurasa mzima wa uzalendo na Mwalimu Nyerere. Mwalimu wetu kausoma, kasema, "Hii ni hotuba ya Saba Saba." Nimekwama.

Kijiwe cha Kahawa:
Kwa hiyo mtakitetea Kiswahili kwa Kiingereza? Hiyo peke yake ni hoja, hahaha.

Mwalimu wa Fizikia:
Marahaba. Mwalimu wako kasema kweli. Nimeshakaa sana meza ya majaji. Uzalendo haukupi alama kwa sababu hakuna anayeupinga. Wenzenu watasimama waseme, "Na sisi tunakipenda Kiswahili," umebaki mikono mitupu.

Anzia darasani. Kila Januari nauliza kidato cha kwanza "friction" ni nini. Kimya. Nikisema msuguano, mikono juu, na kuna mtoto atakueleza mpaka breki za baiskeli ya babu yake. Walishalisoma shule ya msingi kwa Kiswahili! Hapo umeonyesha tatizo na chanzo chake kwa pamoja. Ukiishia kusema "wanafunzi wanafeli", watakujibu ni uhaba wa walimu na madarasa kujaa, na watakuwa na haki.

Halafu mpango. Hapa ndipo timu nyingi zinapoanguka. Usiseme "tubadilishe" ukakaa. Sema kidato cha kwanza waanze, waliotangulia wamalizie kwa Kiingereza, kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne ubadilike mwaka wa nne. Vitabu vinatangulia darasa kwa darasa. Kiingereza kinabaki somo, tena lenye vipindi vingi.

Watawatupia Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu. Mwaka 1982 ilipendekeza kidato cha kwanza kianze Kiswahili 1985, serikali ikakataa. Watasema jambo hili lilishashindikana. Halikushindikana, halikujaribiwa. Sentensi hiyo mpe msemaji wa pili, usiimalize wewe.

Niliwahi Kupinga:
Mimi ningewapiga kwa Malaysia. Mwaka 2003 walihamishia sayansi na hisabati kwenye Kiingereza. Mbona wenye lugha yao walikimbilia huko?

Mwalimu wa Fizikia:
Na 2009 wakatangaza kurudi nyuma. Asante kwa pasi.

Niliwahi Kupinga:
Haya, hiyo umeshinda. Lakini mzazi mwenye uwezo atampeleka mwanawe Uganda, wa mkulima abaki na Kiswahili chake. Mmeongeza tabaka.

Mwalimu wa Fizikia:
Hiyo ni nzito, na dogo asiikwepe. Akiri kwamba wenye fedha watatafuta njia, kisha aulize: leo mtoto wa mkulima anapata nini kwa Kiingereza asichokielewa? Tabaka lipo tayari.

Msemaji wa kwanza:
Nimefuta uzalendo wote, naanza na msuguano. Ila shuleni kwetu ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni kama adhabu, na mwalimu wa nidhamu ni mmoja wa majaji. Nitalitamka hivyo hivyo, msuguano. Liwalo na liwe.