Thou, clerk, bard: nawafundishaje wanafunzi Kiingereza cha kale?

Mwl_Jinja
Salaam wanajukwaa. Wanafunzi wa S5 (kidato cha tano) wanatunga mashairi ya Kiingereza kwa mtindo wa kale. "Thou" na "-eth" wanavipachika kama urembo: "I goeth", "thou has", "we thee love". Wakigeukia kutafsiri Biblia ya King James, "doctors" wa Luka 2:46 wanakuwa madaktari wa hospitali. Nianzie wapi?

KalamuMasaka
Mwalimu, anza na idadi ya watu. "Thou" ni wewe, "ye" ni ninyi. "Thou" hutenda, "thee" hutendwa: "thou seest me, I see thee". "Thy" ni -ako. "Thine" pia ni -ako, ila hukaa mbele ya irabu au husimama peke yake: "thy book", "thine eyes", "the book is thine".

Kitenzi cha "thou" huishia -est au -st: "knowest", "hast", "dost". Vya kukariri ni "art", "shalt" na "wilt". Kiishio "-eth" ni cha yeye peke yake: "he goeth", "she hath". Basi "I goeth" ni sawa na kusema "mimi anaenda".

Mstari ukigoma, mtoto autafsiri kwa Kiswahili. Kikitoka kiambishi u- ni "thou", kikitoka m- ni "ye". Chukua Yohana 3:7: "I said unto thee, Ye must be born again". Anayeambiwa ni Nikodemo peke yake, wanaopaswa kuzaliwa upya ni wote. Kiswahili kinaonyesha vilevile: "nilikuambia, Hamna budi". Kiingereza cha leo kingeweka "you" kotekote, na tofauti ingepotea.

Mwl_Jinja
Kumbe "thou" si neno la heshima? Wametunga shairi la kumpongeza mwalimu mkuu, na beti zote ni "thou".

KalamuMasaka
Hapo wamemkosea adabu bila kujua! Enzi za Shakespeare mkubwa aliambiwa "you". "Thou" ilikuwa ya mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu, na Mungu. Wasemao Kiganda hawahitaji maelezo marefu: mzee huambiwa "mwasuze mutya", rika lako "wasuze otya". Lakini katika sala ni "erinnya lyo litukuzibwe", umoja mtupu, kama "thy name". Kwa mwalimu mkuu waandike "you".

Mtafsiri_Mbale
Kwa upande wa wasomi, tazameni neno lilikotoka. "Doctor" limetokana na Kilatini docere, kufundisha. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili ina "waalimu" pale Luka 2:46. "Clerk" ni clericus, mtu wa kanisa. Ulaya ya zamani waliojua kusoma wengi walikuwa wa kanisa, basi "clerk" akawa msomi, na baadaye sana karani wa ofisini. "Divine" likiwa nomino ni mwanatheolojia. "Lawyer" wa Luka 10:25 ni mjuzi wa Torati. Msimvishe wigi la Mahakama Kuu ya Kampala. "Scribe" naye si mnakili tu, alifasiri sheria na kuifundisha.

Hatari zaidi ni maneno yasiyoonekana kuwa ya kale. "Suffer the little children" ni waacheni waje, hakuna anayeteseka. "Let" katika Warumi 1:13 ni kuzuia, kinyume kabisa cha leo. "I prevented the dawning of the morning", Zaburi 119:147, ni kuamka kabla ya mapambazuko. "Quick" ni aliye hai, "meat" ni chakula chochote, "conversation" ni mwenendo. Kamusi ndogo ya mfukoni haitawasaidia hapa. Watafute inayopanga maana kwa karne.

MizaniNane
Niongeze la ushairi. "Bard" mwiteni malenga, "poesy" ni ushairi, na "numbers" kwa washairi wa zamani ni mizani, si hesabu.

"O'er" na "ne'er" ni inkisari tupu: "over" ina silabi mbili, "o'er" moja. Anayeandika "o'er" pale mstari unapodai silabi mbili ameharibu kazi. Kinyume chake, "loves" ni silabi moja na "loveth" ni mbili, kwa hiyo mshairi alichagua kwa kuhesabu. "Learned" likiwa sifa ya msomi hutamkwa silabi mbili. Na wasichanganye "e'er", yaani daima, na "ere", yaani kabla ya. Sikio halitofautishi, jicho lazima litofautishe.

Kosa jingine ni "wherefore". Si "wapi", ni "kwa nini". Juliet hamtafuti Romeo gizani, anauliza kwa nini awe Romeo, mwana wa ukoo wa adui.

Halafu mwalimu, "we thee love" usiikate alama. "Thee" ni mtendwa, ametangulizwa mbele ya kitenzi, na washairi walifanya hivyo sana. Huyo mtoto amepata.

Mwl_Jinja
Nilikuwa nimeshaikata kwa wino mwekundu. Narudisha.