Familia nzima kituo cha afya kimoja: kuna faida kweli au tunajidanganya?

Mkwezi_wa_Nazi:

Wakuu habari za jumapili. Naombeni mawazo hasa mlioko sekta ya afya.

Nyumbani kwangu tupo rika zote. Bimkubwa kavuka 60, ana presha na sukari. Waifu ana ujauzito wa miezi mitano, binti yupo darasa la saba ana miaka 13, na kuna kadogo ketu ka mwaka na nusu. Mpaka leo kila mtu na njia yake, bimkubwa namtoa huku Chanika namkokota hadi mjini kwa daktari bingwa, waifu anahudhuria kliniki hospitali ya binafsi aliyoelekezwa na shoga yake, mtoto chanjo ni zahanati ya mtaani, na binti akiumwa kichwa au tumbo la mwezi ni duka la dawa basi imeisha hiyo.

Juzi kapita mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa mtaani, dada mmoja mchangamfu sana, ananiambia kwanini msiende wote kituo cha afya cha kata, pale wanafanya kazi kama timu wanaishika familia nzima. Mimi nikacheka, maana nimezoea ukitaka kupona unamtafuta daktari, hizo habari za timu naziona kwenye mpira. Hao wengine ukiondoa daktari wanafanya nini cha maana? Na bimkubwa nikimtoa kwa bingwa si nitakuwa namuangamiza?

SistaWaZamu:

Karibu mkuu. Mimi ni muuguzi mkunga, nipo kituo cha afya huko Pwani, sitataja wapi. Umenifurahisha na hiyo ya mpira ila ngoja nikupe picha ilivyo.

Daktari unayemfikiria anakuona dakika chache, anaandika, unatoka. Kinachotokea kabla hujaingia na baada ya kutoka ndo kinachoamua kama mtu atapona au atarudi wiki ijayo na tatizo lilelile, na huko ndo wengine wote walipo. Kuna tabibu, wauguzi, mtu wa maabara, mtu wa dirisha la dawa, afisa lishe (huyu mara nyingi mnagawana na kata nyingine), ustawi wa jamii, alafu yule dada aliyekuja mtaani kwako. Huyo ni WAJA, yaani mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango wao Januari 2024, wanalengwa 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kila mtaa au kitongoji, na wanasomea miezi sita kwahiyo usimchukulie poa.

Nikupe mfano wa kwetu. Kuna bibi alikuwa analeta mjukuu kwenye mizani, mama wa mtoto yupo mjini anafanya kazi za ndani. Mstari wa mtoto kwenye kadi umelala, kila mwezi upo palepale, alafu nimonia haimuachi. Tabibu kaandika amoksilini ile ya kuyeyusha, sahihi kabisa hakuna aliyekosea, kijana wa dawa kamwelekeza bibi, bibi kaitikia ndiyo mwanangu nimeelewa. Karudi mtoto vilevile. Sasa yule kijana wa dirisha la dawa akamwambia, bibi hebu nionyeshe hapa hapa unavyompa. Bibi akachukua kidonge anakipapasa, kukitoa tu kwenye pakiti kazi, kikamdondoka akawa anakitafuta mezani kwa vidole na kipo mbele ya macho yake, maji kayamimina kikombe kizima mtoto angeyamalizaje yale.

Haoni. Kijana akanivuta pembeni tukampima bibi sukari palepale ya kidoleni, ikasoma huko juu. Sasa niambie mgonjwa hapo ni mtoto au bibi? Tabibu akamuanzishia bibi dawa ya sukari, metformini, na akampa rufaa ya macho hospitali ya wilaya, afisa lishe siku aliyokuja akakaa nao kwenye habari ya uji na karanga, WAJA wa kitongoji chao akawa anapita jioni anasimamia dawa ya mtoto inavyoyeyushwa, na ustawi wa jamii akashughulikia kitambulisho cha matibabu cha mzee. Mstari wa kadi ukaanza kupanda. Daktari bingwa wa watoto angeweza kumuona yule mtoto hata mara kumi mjini asijue kama anayempa dawa haoni, maana bingwa wa watoto hana sababu ya kumpima bibi sukari.

Na wewe nyumba yako ndo hivohivo, nani anabaki na kadogo waifu akienda kliniki? Bila shaka bimkubwa. Sukari yake ikishuka ghafla na mtoto yupo mgongoni, umewahi kuwaza hilo?

Kuhusu bingwa: hakuna anayekuambia umuache. Presha na sukari zikiwa zimetulia, kupima kila mwezi na kuchukua dawa kunafanyika kituo cha afya vizuri tu, kwa bingwa anarudi kwa ratiba aliyopangiwa au mambo yakiharibika. Ila usimhamishe kienyeji. Omba kwa bingwa karatasi yenye maelezo ya ugonjwa, dozi na majibu ya vipimo vya karibuni hasa figo, alafu siku ya kwanza nenda na mfuko wa dawa ZOTE, mpaka zile za kienyeji na za maumivu ya magoti. Nasema hivo sababu wazee wengi wanameza daiklofenaki za dukani kimyakimya, zinapandisha presha na kuumiza figo, alafu daktari anaongeza dozi ya presha bila kujua adui yupo chini ya mto.

Kijiwe_Chetu:

Sista umeandika vizuri mpaka machozi yamenilenga, lakini hiyo timu huku kwetu ipo kwenye bango la getini. Nilimpeleka mzee wangu kituo fulani, dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa rangi nzuri kabisa MPISHE MZEE KWANZA, na limefungwa kuna ndoo na fagio ndani. Tukapanga foleni ya kadi, foleni ya kumuona daktari, foleni ya maabara, foleni ya kurudisha majibu, mwisho wa siku dirisha la dawa naambiwa dawa ya presha imeisha kanunue nje. Kila dirisha mzee anaulizwa upya jina na anaumwa nini. Wale sio timu mkuu, ni watu wamepanga jengo moja.

Na zahanati ndo usiseme. Zahanati ya kijijini kwetu mtu ni mmoja, asubuhi anadunga chanjo, mchana anashona kidonda, usiku anazalisha. Timu ya mtu mmoja hiyo!

SistaWaZamu:

@Kijiwe_Chetu sikubishii, watumishi hawatoshi na kuna siku hata mimi nazalisha huku kuna watoto wanasubiri mizani na nikitoka wananiangalia kama nimetoka kulala. Na dawa kuisha ni kweli inatokea.

Ila umegusa penyewe, kuulizwa upya kila dirisha. Kituo kinachofanya kazi pamoja utakijua kwa hilo: faili linatangulia, ukifika kwa tabibu anajua muuguzi kapima presha imesoma ngapi, ukifika dawa anajua maabara wameona nini. Kwahiyo @Mkwezi_wa_Nazi kabla hujahamisha familia nenda peke yako asubuhi moja ukaulize maswali ya kishamba tu, kliniki ya presha na sukari ni siku gani, dawa za bimkubwa zipo kwa kawaida au zinakatika, na mtoto na mama mjamzito wanaweza kuhudumiwa siku moja au watarudishwa. Ukijibiwa kwa ukali una jibu lako tayari.

Alafu hii kitu ya kumuangalia mtu mzima mzima badala ya kipande haijaanza jana hapa kwetu. Tanzania tulikuwa wa mwanzo kabisa kutumia ule utaratibu wa udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, mtoto akija na homa unaangalia pia kikohozi, kuharisha, lishe, chanjo, humtibu homa ukamwachia hapo. Watafiti walipofuatilia Rufiji na Morogoro Vijijini kati ya 1997 na 2002 wakalinganisha na Kilombero na Ulanga ambako ulikuwa haujaanza, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Na waliokuwa wanautumia utaratibu huo wengi wao ni matabibu na wauguzi wa zahanati kama hiyo ya kijijini kwenu.

Mama_Nyali:

Salaam kutoka Mombasa. Huku Kenya hii kitu sasa iko kwa sheria kabisa, ile sheria ya afya ya msingi ya 2023. Hospitali ya levo 4, ile ya kaunti ndogo, inakuwa ndiyo kitovu, zahanati na vituo vya karibu vinaizunguka, na wataalamu kutoka pale wanatakikana washuke kule chini badala ya mgonjwa kupanda kila siku. Kisha kuna CHP, wahudumu wa afya wa jamii wa huku, kila mmoja ana nyumba kama mia hivi, Septemba 2023 walipewa mikoba, ndani kuna mashine ya presha, ya sukari, mizani na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kuingiza habari zenu.

Wangu anakuja barazani, anampima nyanya presha, anamshika mtoto mkono na ule utepe, ananiuliza mimi kama nimefanya kipimo cha mlango wa kizazi, yote kwa kikao kimoja na chai juu. Kilichonisaidia ni kwamba nyanya alikuwa ashaacha dawa kitambo na hakutuambia, alimwambia CHP tu! Kwa daktari hangesema, angeogopa kufokewa.

Lakini msidhani huku ni pepo. Posho zao zinachelewa wanalalamika kila siku, na ukienda kituoni bila kujisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, utasumbuliwa hata kama ni levo 2, yaani zahanati, ambako matibabu yanatakikana yawe ya bure.

Baridi_Kali:

Nipo Ontario, Canada, nataka kuchangia kidogo maana watu huwa wanadhani huku kila kitu kimenyooka.

Kuna kitu huku kinaitwa timu za afya za familia, zilianza 2005. Daktari wa familia anakuwa na wauguzi, mtu wa lishe, mfamasia, mtu wa ustawi wa jamii, wote wanaona faili moja la kompyuta. Mimi, mke, watoto na mama mkwe tupo timu moja. Mama mkwe hajui kiingereza vizuri, daktari kamuona mara chache mno, anayemjua ni mfamasia na muuguzi wa sukari, ndo wanapiga simu kuuliza mbona hujachukua dawa. Mfamasia ndiye aliyeona kuwa amepewa dawa mbili zinazofanya kazi ileile na hospitali mbili tofauti, akampigia daktari moja ikafutwa.

Shida ya huku ni kuingia. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa familia kilisema watu milioni 2.5 hapa Ontario hawana daktari wa familia kabisa, na serikali ikamteua aliyewahi kuwa waziri wa afya wa Canada, Jane Philpott, kuongoza mpango wa kuwaunganisha na hizo timu mpaka 2029. Kwahiyo wewe mkuu uliyepo Chanika unayefuatwa mpaka mlangoni na mhudumu akikuomba uje, kuna watu huku wana miaka kwenye foleni wanaombea hiyo simu.

Kijiwe_Chetu:

@Baridi_Kali duh, kumbe na wazungu wanapanga foleni. Leo nitalala vizuri.

Mkwezi_wa_Nazi:

Asanteni sana wakuu. Ile ya daiklofenaki nimeenda kuangalia chini ya godoro la bimkubwa. Zipo. Pakiti na nusu. Anasema "hizo za magoti sio dawa za hospitali kwahiyo sikuona haja ya kusema". Nimechoka kabisa.

Nitaenda hapo kituoni kupeleleza kama sista alivyoelekeza. Nina maswali mawili ya mwisho, gharama zipoje maana sina bima, na binti ana haja gani kwenda huko wakati haumwi?

SistaWaZamu:

Gharama: mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali sera inasema ni bure. Mzee wa 60 na kuendelea asiye na uwezo naye anasamehewa lakini mpaka awe na kitambulisho, anzia ofisi ya mtendaji wa mtaa kisha ustawi wa jamii, usisubiri siku anaumwa ndo uanze kuhangaika na picha za pasipoti. Wewe na binti mtalipia au ukate bima.

Kadogo kako miezi 18 imefika, kuna dozi ya pili ya surua na rubella, angalia kadi kama imejazwa, wazazi wengi wakimaliza ile ya miezi 9 wanajua imeisha. Waifu hata akiendelea na hospitali yake aende na kadi ileile popote anapokwenda, asifungue ya pili, na asiruke kupimwa presha na mkojo, kifafa cha mimba hakipigi hodi. Na akishajifungua mpite wote wawili chumba cha uzazi wa mpango, naona nyie mna haraka sana.

Binti: tangu Aprili 2024 chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, inatolewa shuleni na vituoni. Muulize kama alichomwa shule, kama alikosa siku ile mlete kabla hajavuka huo umri. Na hilo tumbo la mwezi la kumezea dawa za dukani aje aongee na muuguzi wa huduma rafiki kwa vijana, baba ukae nje kwenye benchi.