Tupeane uzoefu: kenge, mwewe na wenzao walivyotutia hasara sisi wafuga kuku wa kandokando ya ziwa

Mkazi wa Luchelele
Wakuu, asubuhi hii mwewe kapita na kifaranga mbele ya macho yangu, mama yake kabaki anapiga kelele chini ya mwembe. Kwa kweli hapa Mwanza ukifuga kuku wa kienyeji unawafugia na wengine. Kwenye mawe kuna nguchiro, majini anatoka kenge, angani mwewe na kunguru, usiku ni zamu ya kanu. Pimbi peke yake ndiye hana kesi na kuku, yeye shida yake mchicha. Njooni na visa vyenu: nani alikuliza zaidi, na ulimfanyaje?

Mama Vifaranga, Igoma
Kenge. Sina la kuongeza.

nyavu_chakavu
Nakazia kenge. Huku Igombe anapanda kutoka mwaloni mchana kweupe, anapitia kwenye chanja za dagaa anaonja, halafu anakuja kumalizia na mayai yangu. Ukikuta kiota kitupu, hata ganda hakuna, usimsingizie panya. Panya huacha maganda, kenge humeza yai zimazima. Nguchiro yeye hulipigiza kwenye jiwe, utakuta ute umetapakaa. Siku hizi uwanja wote nimeufunika kwa nyavu za zamani za kuvulia. Mwewe anazunguka, anachoka, anakwenda zake.

Afisa Asiye na Ofisi
Nyavu za aina gani mkuu? Isije ikawa kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, umelificha kwa kisingizio cha kuku.

nyavu_chakavu
Limestaafu. Acha fitina.

Bi Mkubwa wa Sengerema
Nyie mnalia na kenge kwa sababu siafu hawajawatembelea.

Masika fulani nilikuwa na tetea mweusi, mbegu ya mama mkwe, analalia kwenye tenga nyuma ya jiko. Siku ya 21 ilikuwa kesho yake, na jioni ile ukiweka sikio kwenye yai unasikia wanagonga kwa ndani. Usiku mvua ikanyesha kweli kweli. Karibu na alfajiri nikasikia kuku analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kuku. Natoka na tochi, ardhi inatembea. Ukuta mweusi, tenga jeusi, na yeye bado amekaa. Kuku yule alikuwa akiona mbwa tu anaruka mpaka juu ya bati, alishindwa nini kutoka? Hakutaka kuacha mayai. Nikamnyakua, wakanipanda mikononi hadi shingoni, gauni nikalivua palepale uani mbele ya shemeji yangu, aibu ikaja baadaye. Nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji, wapi! Walishamwingia puani na machoni. Mayai yaliyokuwa yameanza kupasuka, vifaranga waliliwa humo humo.

Mama mkwe alipokuja hakuniuliza kitu. Ndiyo ilinimaliza zaidi, afadhali angegomba. Tangu hapo mvua zikianza namwaga majivu kuzunguka banda, na miguu ya banda nimeisimamisha kwenye makopo ya oili chafu. Ukichelewa kuongeza majivu wanapita, kwa hiyo msije mkasema sikuwaambia.

Mama Vifaranga, Igoma
Pole mama yangu. Siafu hapana.

Kijana wa Kirumba
Mbona hakuna anayemtaja korongo? Wale wazee wa vipara wanaosubiri utumbo wa samaki pale Mwaloni. Mmoja alishuka uani kwetu, akatembea pole pole, akaokota vifaranga kimoja kimoja na kumeza. Dada yangu alidhani kaja kupumzika, anampiga picha.

Dada Rangi
Dawa ya mwewe ni kupaka vifaranga rangi. Ile GV ya zambarau ya duka la dawa, au rangi ya keki. Mwewe hamtambui tena kama ni kifaranga.

Baba Kuroila
Nilipaka pinki. Akachukua wa pinki.

Dada Rangi
Basi ulipaka hafifu.

Baba Kuroila
Dada, aliipenda rangi. Kesho yake akarudi na mwenzake.

Ng'wana Magu
Ngoja niwape ya chatu.

Mnakumbuka 2020 ziwa lilivyojaa, mwezi wa 5 maji yakavunja rekodi. Kwetu Magu majaruba ya mpunga ya ufukweni yalimezwa yote, na kila kilichokuwa kinaishi kwenye matete kikapanda kwa watu. Asubuhi moja mama anafungua banda, hakuna kuku anayetoka. Anapiga mbinja, anarusha mtama, kimya. Akanituma niingie. Bahati nilichungulia kwanza.

Kaingilia ule upenyo tunaouacha kati ya ukuta na bati kwa ajili ya hewa. Kameza jogoo wetu wa kuchi, tumbo limetuna, sasa hawezi kupita pale alipoingilia, kajikunja pembeni. Kuku waliobaki wamebanana kwenye ufito wa juu kabisa, hakuna anayethubutu hata kunya. Vijana wakafika na mapanga, mzee akawazuia. Akatuma mtu kijiji cha pili amlete mzee mmoja wa Buyeye, chama cha wacheza nyoka wa Kisukuma.

Mzee yule alikuja na baiskeli, gunia kwenye kariya, fimbo hana. Akaomba maji ya kunywa, akauliza habari za mvua na mifugo, sisi tunatetemeka yeye hana haraka. Akatafuna mzizi, akajipaka mikononi na kwenye shingo, akaingia na kurudishia mlango. Tunamsikia anaongea Kisukuma, taratibu, anamwambia jamaa kwamba wenye nyumba wamekasirika na ni haki yao. Mlango unafunguka, kamshika nyuma ya kichwa, mwili mwingine kauweka mabegani. Mama alishafika kwa jirani! Kufika uani chatu akatapika jogoo, kafa lakini hajamegeka, manyoya yamelowa. Mzee akamtia chatu kwenye gunia, akasema malipo ni kuku mmoja. Baba akamwambia, "Si huyo hapo ametoka?"

Kijana wa Kirumba
Hahahaha mzee wako ni bahili wa kiwango cha juu!

nyegezi_kona
Huyo mzee bado yupo? Nina shida kama hiyo kwenye mawe nyuma ya nyumba.

Mlokole
Ndugu zangu, huo ni ushirikina mtupu. Mzizi gani unaongea na nyoka?

Ng'wana Magu
Mzizi hauongei, aliyeongea ni mzee. Nenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, uone wanavyocheza na chatu mchana, watoto wamekaa mbele. Ni ufundi, wanafundishana.

Mlokole
Nitakwenda kuwaombea.

Afisa Asiye na Ofisi
Kisheria chatu si wa kuua, na mzee naye hakupaswa kuondoka naye. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 iko wazi, bila kibali ni kosa. Waiteni maafisa wanyamapori.

nyegezi_kona
Mpaka wafike chatu atakuwa na wajukuu.

Simba wa Buhongwa
Mnasumbuka bure. Nyama kipande, sumu kidogo, tega usiku. Kanu, nguchiro, kenge, wote kwisha.

Bi Mkubwa wa Sengerema
Na mbwa wa jirani? Na mtoto anayetambaa? Na kuku wako mwenyewe akidonoa? Wewe kijana usilete mambo hayo hapa.

Simba wa Buhongwa
Mbwa wa jirani ndiye mwizi namba moja wa mayai yangu, bibi.

Fundi Banda
Nimejenga mabanda kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, nisikilizeni. Ule wavu laini wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, basi. Kanu anaingiza mkono anavuta mguu wa kuku, nyoka anapita, kenge anachana. Tumieni wavu wa chuma wa nusu inchi, na huo upenyo wa hewa wa Ng'wana Magu uuzibe kwa wavu huohuo. Chini fukia futi moja maana kenge anachimba. Banda la juu, nguzo zizungushie bati asipande. Vitunguu saumu mnavyopanda kufukuza nyoka, pikieni.

Mama Vifaranga, Igoma
Fugeni kanga. Akiona kitu kigeni tu mtaa mzima unajua.

Baba Kuroila
Na mtaa mzima unakuja kukulalamikia. Nilifuga, nikauza.

Daktari wa Mifugo Mstaafu
Mnahesabu vifaranga vya mwewe huku ugonjwa wa mdondo (kideri) unafagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni, rudia kila baada ya miezi 3. Nani amechanja?

Kijana wa Kirumba
Shikamoo dokta. Mada ni wanyama.

Daktari wa Mifugo Mstaafu
Marahaba. Jibu swali.

Simba wa Buhongwa
Nimechanja.

Daktari wa Mifugo Mstaafu
Lini?

mbeba_tenga
Samahani nawarudisha nyuma. Yule jogoo aliyetapikwa, mzee wa Buyeye alimchukua?

Ng'wana Magu
Alikataa. Akachagua tetea aliyekuwa anataga, yule mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu, akamning'iniza kwenye usukani. Baba hajamsamehe mpaka leo.