Pesa ya boda isiishie kwenye kamari

Swali: Jamani, mwendesha boda wa Kampala anayepata pesa kila siku afanyeje isiishie kwenye kamari kabla ya jioni?

Mweka_Akiba: Ajiunge na kikundi cha akiba cha watu 15 hadi 25. Sanduku la pesa liwe na kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, wala si kwa mtunza sanduku. Kila mkutano, kila mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, yaani sehemu za akiba. Mgao wa akiba kwa wanachama ni baada ya miezi 12 hivi. Mmoja akishika funguo zote, kikundi huweza kuvunjika.

Ndugu_Jinja: Atenge akiba mchana, kabla uchovu haujamlegeza. Na aliye chini ya miaka 25 sheria ya Uganda haimruhusu kucheza kamari. Wenzake wa steji, kituo cha boda, wasimfichie akicheza.