Mjadala: Chati ya Hadrian ilionyesha ufalme, au ilisomwa baada ya yeye kukalia kiti?

Msoma Buruji:
Salaam wadau. Naomba tujadili jambo moja kwa utulivu: chati ya kuzaliwa inaweza kuonyesha kwamba mtu atatawala? Sizungumzii utabiri wa magazetini. Nazungumzia unajimu wa Wayunani, ule uliokomaa Alexandria na miji ya mashariki ya dola ya Warumi, wa kina Ptolemy, Dorotheus na Vettius Valens.

Chukueni Kaizari Hadrian, aliyezaliwa 24 Januari 76 BK. Chati yake iliandikwa na Antigonus wa Nikea, na Hephaistio wa Thebes akaihifadhi. Jua lilikuwa digrii ya 8 ya Dalu, yaani Ndoo. Mwezi na Mushtari walikuwa digrii ya kwanza ya Dalu hiyo hiyo, na hiyo ndiyo digrii iliyokuwa ikichomoza mashariki. Upande mmoja Zohali na Utaridi katika Jadi, yaani Mbuzi, upande wa pili Zuhura na Mirihi katika Hutu, yaani Samaki. Ptolemy anasema Jua na Mwezi zikiwa katika buruji za kiume, zikakaa kwenye pembe, na zikazungukwa na sayari tano kama mfalme anavyozungukwa na walinzi wenye mikuki, mtoto huyo atakuwa mfalme. Hapo kimepungua nini?

Na tafadhali, tusichanganye elimu hii na ramli za pwani za kujumlisha herufi za jina la mtu na jina la mama yake. Ile ni bahati nasibu tu.

Mwalimu wa Historia:
Kimepungua kitu kimoja: tarehe ya kuandikwa. Antigonus aliandika Hadrian akiwa ameshatawala. Ukishajua mtu amekuwa Kaizari, utakosaje kuziona dalili?

Halafu tuje ardhini. Mwaka 117 Kaizari Trajan anafia Kilikia. Hadrian wakati huo ni gavana wa Syria, jeshi liko mkononi mwake. Mwanahistoria Cassius Dio, ambaye baba yake aliwahi kuitawala Kilikia, anasema kifo kilifichwa siku kadhaa na barua za kumfanya Hadrian mwana wa kupanga zilitiwa saini na Plotina, mke wa Trajan. Jeshi, mjane na barua. Hizo ndizo sayari zilizompa kiti.

Na kama mnataka kujua dalili ya utawala katika chati ilikuwa na maana gani Roma, mtazameni Mettius Pompusianus. Ilisemwa mjini kwamba nyota yake ni ya kifalme. Kaizari Vespasian alipoonywa amwangalie, alimpa ukonsuli, cheo kikubwa cha Roma, akisema siku moja atakumbuka wema huo. Domitian, mwana wa Vespasian, akamuua. Mtu yule yule na chati ile ile.

Mjukuu wa Nahodha:
Assalamu alaykum. Mimi sikuja kwa ajili ya Hadrian. Nimekuja kwa ajili ya hilo neno "bahati nasibu".

Babu yangu alikuwa nahodha na alikuwa mtu wa falaki. Mwaka alikuwa akiuhesabu toka Nairuzi, siku ya mwaka, kumi kumi, mwongo kwa mwongo, na kwa hesabu hiyo alijua lini kusi itavuma na lini jahazi litolewe majini. Hizo buruji ulizoandika wewe, Dalu, Jadi, Hutu, umezipata wapi ndugu yangu? Si kwa Myunani. Ni majina aliyokuwa akiyataja babu barazani. Umevaa kanzu ya mzee wangu, halafu unamtukana ndani ya kanzu yake.

Kijana wa Kinondoni:
Mkuu Mjukuu umegonga penyewe. Ila swali: kuhesabu siku za kusi ni kalenda. Kujumlisha herufi za jina la mama ni kitu kingine. Babu alifanya yote mawili?

Mjukuu wa Nahodha:
Alifanya yote mawili na sioni haya kusema. Watu walikuja hawajui siku ya kuzaliwa seuze saa. Utamwambia mtu wa watu arudi kwao kwa kuwa mama yake hakutazama upeo wa mashariki wakati wa uchungu? Jina analijua, na la mama analijua.

Msoma Buruji:
Mzee wangu, sikukusudia kumvunjia heshima babu yako, na kwa hilo naomba radhi. Lakini hoja yangu iko pale pale. Unajimu unategemea mbingu jinsi zilivyokuwa wakati fulani, mahali fulani. Jina hutolewa na watu. Jina likibadilika, mbingu hazibadiliki. Wayunani walilielewa hilo, ndiyo maana hawakuhangaika na herufi.

Mama Wawili:
Hapo kaka Msoma umeteleza. Wayunani walihangaika na herufi sana. Kuna duara linaloitwa la Petosiris. Unachukua thamani ya herufi za jina la mgonjwa, unajumlisha na siku ya mwezi aliyougua, unagawanya, na baki inakuonyesha kama atapona au atakufa. Ni hesabu za barazani tupu, ila zimeandikwa Kiyunani.

Na Dorotheus uliyemtaja kwa fahari hukumpata kwa Kiyunani. Shairi lake limepotea, vimebaki vipande. Tunachosoma leo ni tafsiri ya Kiarabu ya Umar al-Tabari, mtu wa zama zile zile Baghdad ilipoanzishwa, mwaka 762, kwa siku iliyochaguliwa na wanajimu. Elimu hiyo ilipita kwa Waarabu kabla ya kukufikia wewe, na ilipita huko huko kabla ya kufika barazani kwa babu yake. Msitenganishe ndugu.

Mjukuu wa Nahodha:
Allah akuzidishie, dada. Nilikuwa nalitafuta neno hilo.

Mwalimu wa Historia:
Naona tumehama. Nimeweka hapo juu mtu aliyeuawa kwa sababu ya chati na hakuna aliyemgusa.

Kijana wa Kinondoni:
Mwalimu, huyo Mettius si ndiye aliyechora ramani ya dunia ukutani chumbani kwake? Basi aliuawa kwa ramani, siyo kwa nyota. Nilisoma zamani ila hilo la ramani nalikumbuka vizuri.

Mwalimu wa Historia:
Ramani ukutani ni maneno ya Dio. Suetonius, mwandishi mwingine wa Roma, anasema alitembea nayo imeandikwa kwenye ngozi, pamoja na hotuba za wafalme na majemadari, na kwamba watumwa wake aliwaita Mago na Hannibal, majina ya majemadari wa Karthago waliopigana na Roma. Lakini la kwanza kabisa analolitaja Suetonius ni uvumi wa nyota ya kifalme. Soma tena.

Kijana wa Kinondoni:
Sawa, nimekusoma. Ila mtumwa kumwita Hannibal ndani ya Roma, hapo alijitafutia mwenyewe.

Msoma Buruji:
Mwalimu, tuseme nakubali Mettius aliuawa kwa hofu ya Domitian. Hilo linathibitisha kwamba watawala wenyewe waliamini dalili zinasomeka! Mwaka 11 BK Augustus alikataza watu kuonana na waaguzi faraghani na kuuliza habari za kifo. Mwaka 16, baada ya kesi ya Libo Drusus, aliyeshtakiwa kwa kushauriana na wanajimu, Tiberius akawafukuza wanajimu Italia. Mmoja alirushwa kutoka kwenye mwamba. Na huyo huyo Tiberius alikuwa na mnajimu Thrasyllus mezani kwake hadi uzeeni. Mtu hafungi mlango kuzuia upepo asioamini kwamba unavuma.

Mwalimu wa Historia:
Serikali hukataza uvumi pia, na uvumi hauhitaji kuwa kweli ili uangushe mtu. Mwanajimu akisema "Kaizari atakufa mwezi ujao", kuna jemadari mahali fulani anaanza kuhesabu askari. Hicho ndicho alichokiogopa Augustus. Firmicus Maternus, mnajimu mwenyewe wa karne ya 4, aliwafundisha wanafunzi wasijibu kabisa swali kuhusu maisha ya Kaizari, akasema Kaizari peke yake hayuko chini ya nyota. Fikirini: mwenye cheo kikubwa kuliko wote ndiye aliyetolewa kwenye hesabu! Kwa hiyo elimu ya kusoma utawala kwenye chati, kwa kauli ya mwenye elimu, haimhusu mtawala.

Msoma Buruji:
Firmicus aliandika hivyo kuokoa shingo yake. Usimshike mtu kwa maneno aliyoyasema kisu kikiwa kooni.

Mama Wawili:
Mimi nataka nirudi kwenye jina la mama, maana naona mmelipita kama kitu kidogo. Kwa nini wazee walitaka jina la mama na si la baba? Kwa sababu mama hana shaka. Na hata huko Roma, ukifuata hadithi hizi, wanaobeba chati mikononi ni akina mama. Agrippina aliuliza wanajimu kuhusu mwanawe Nero, akaambiwa atatawala na atamuua mama yake. Mwanahistoria Tacitus anasema alijibu: aniue, mradi atawale. Na mwaka 54 mumewe, Kaizari Claudius, alipokufa, Agrippina alifunga milango ya kasri, akawa anatoa habari kwamba mgonjwa ana nafuu, hadi ilipofika adhuhuri ya 13 Oktoba, saa ambayo wanajimu walisema ni njema. Ndipo Nero akatolewa nje kwa askari. Mama aliisoma dalili kisha akaitekeleza kwa mikono yake.

Mwalimu wa Historia:
Umenisaidia, dada. Aliitekeleza. Kwa hiyo chati haikufanya kitu.

Mama Wawili:
Usinitie upande wako kwa nguvu, Mwalimu. Nimesema aliitekeleza. Sikusema hakukuwa na kitu cha kutekeleza. Nimezaa watoto wawili na kila mmoja nilipomshika nilijiuliza atakuwa nani. Wewe unaona jeshi na barua tu kwa sababu hujawahi kuulizwa swali hilo na kiumbe wa siku moja.

Mwalimu wa Historia:
Nina watoto, na nilijiuliza. Sikumuua mtu kwa jibu lake. Na hiyo saa njema, Leontius, mwasi aliyetaka ukaizari, naye alichaguliwa saa njema na wanajimu wawili, akavishwa taji Tarso Julai 484. Hakudumu. Mwaka 488 alikatwa kichwa. Wanajimu wa baadaye wakaifukua chati hiyo na kueleza kosa lilikuwa wapi. Kila mara kosa huonekana mtu akishakufa.

Kijana wa Kinondoni:
Jamani turudi kwa Hadrian. Nimekaa na kalamu. Kama digrii ya 1 ya Dalu ndiyo inachomoza na Jua liko digrii ya 8, basi Jua halijachomoza bado. Huyu mtoto kazaliwa usiku, kabla ya alfajiri kuisha. Niko sawa?

Msoma Buruji:
Uko sawa kabisa. Ni chati ya usiku, na mwenye zamu ni Mwezi, ambao uko juu ya digrii inayochomoza yenyewe. Inaipa chati nguvu zaidi.

Kijana wa Kinondoni:
Sasa lile fungu la bahati, nukta ya chati inayosomwa bahati ya mtu. Nimesoma mchana unahesabu kutoka Jua hadi Mwezi, na idadi hiyo unaihesabu kuanzia inayochomoza. Usiku unageuza, kutoka Mwezi hadi Jua. Kwa hesabu ya usiku nimepata digrii 7 mbele, fungu linaangukia Dalu digrii ya 8, juu ya Jua lenyewe, pamoja na Mushtari. Safi. Lakini nasikia Ptolemy hageuzi, usiku na mchana ni hesabu moja. Kwa Ptolemy nimerudi nyuma digrii 7, nikapata Jadi digrii ya 24. Hiyo si nyumba ya kumi na mbili, ya maadui na vifungo?

Mjukuu wa Nahodha:
Kijana amefanya hesabu kuliko sisi sote. Sasa Msoma, jibu. Bahati ya mfalme wako iko kichwani au iko kifungoni?

Msoma Buruji:
Dorotheus na Valens wanageuza usiku, na mimi nafuata njia yao. Ptolemy hageuzi. Ni kweli, kwa Ptolemy fungu linaangukia nyumba mbaya. Nakiri kwamba nilimnukuu Ptolemy kwa walinzi wa mikuki na ningemwacha kwenye fungu.

Mwalimu wa Historia:
Asante kwa kusema wazi. Hapo ndipo ninapopata taabu. Mwalimu mmoja anakupa dalili, wa pili anakupa nyingine, na wewe unajua jibu kabla ya kuchagua mwalimu.

Na asubuhi ile, katika dola nzima, ni watoto wangapi walizaliwa ndani ya saa ile? Cicero, mwandishi wa Roma, aliuliza kama wote waliokufa katika vita vya Cannae walikuwa na nyota moja.

Msoma Buruji:
Valens alikuwa na jibu la Cannae. Alichukua chati sita za watu waliokuwa chombo kimoja baharini wakanusurika na dhoruba, akaonyesha kwamba kila chati ina hatari yake kwa umri ule. Na Ptolemy mwenyewe anasema utazame kwanza nchi, ukoo na malezi. Mtoto wa mchungaji mwenye chati ya Hadrian atakuwa mkubwa wa wachungaji. Sijawahi kusema nyota zinatosha peke yake.

Mjukuu wa Nahodha:
Babu naye alikuwa akiuliza kwanza: mtoto wa nani, wa mtaa gani. Kisha ndipo hushika kalamu. Basi ulimtukana kwa kazi ile ile unayoisifu.

Msoma Buruji:
Ndiyo, mzee. Neno lile nalifuta.

Mwalimu wa Historia:
Nami nina ombi. Antigonus huyo huyo ana chati nyingine, ya kijana asiyetajwa jina, ambaye wasomi wengi wanasema ni Pedanius Fuscus, mjukuu wa dada yake Hadrian. Alijiona anastahili kiti, akaponzwa, akaangamia karibu na mwaka wake wa 25 kwa mujibu wa Antigonus. Dio anasema alikuwa na miaka 18. Hadrian ndiye aliyemuua, yeye na babu yake Servianus, mzee wa miaka 90. Kama kweli dalili za utawala zinasomeka, mtu asiyejua majina asome chati zote mbili na atuambie yupi atakalia kiti.

Msoma Buruji:
Nakubali. Nitaweka chati tano za kale, bila majina na bila miaka. Kijana asome, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kalamu. Kanuni zitaandikwa kwanza: fungu litageuzwa usiku au halitageuzwa, tuchague moja na tusirudi nyuma.

Kijana wa Kinondoni:
Niko tayari. Mimi naenda na Dorotheus, ageuze.

Mama Wawili:
Na Kaizari Septimius Severus msimwache. Alichora mbingu za kuzaliwa kwake kwenye dari za kumbi za kasri, watu wote wazione, isipokuwa ile sehemu inayoonyesha saa. Hiyo aliichora tofauti tofauti kila ukumbi. Weka na hiyo, Msoma, tuone utaisoma vipi bila saa.

Mjukuu wa Nahodha:
Bila saa, nileteeni jina la mama yake.