Mrejesho: Hatimaye nimemwonyesha mtu hadithi yangu

Ndugu zangu, niliwauliza nifanyeje ili niweze kumwonyesha mtu hadithi ninazoandika, maana kila nikitaka kutuma nilikuwa naishia kufuta. Wengi mlinishauri nianze na msomaji mmoja tu, tena nimwambie mapema nataka anisaidie nini. Ushauri huo ndio ulionivusha.

Nilimpa rafiki anayependa kusoma. Sikumuuliza kama ni nzuri au mbaya. Nilimwomba aweke alama pale alipochoka na pale alipopotea. Aliporudisha, pembeni ya aya nzima ya mvua kulikuwa na mstari wa kalamu na neno moja: "Ndefu." Nikaisoma kwa sauti. Kweli, mama wa watu kwenye hadithi amesimama mlangoni na mzigo kichwani, mimi bado naeleza mawingu! Nikaikata, na wala haikuniuma. Nilichokuwa naogopa miaka yote ni kuhukumiwa mimi, kumbe yeye alikuwa anazungumzia aya.

Halafu pale mama huyo anapoikunja barua bila kuisoma, rafiki yangu aliandika kwamba ilibidi arudie kusoma. Jamani, nilifurahi mno.

Woga haujaisha, moyo bado unanienda mbio kabla ya kutuma. Ila maoni yakishafika unapungua, kwa sababu napata kazi ya kufanya. Na wewe uliyeniambia nisijitetee napopewa maoni, ahsante sana, ilikuwa ngumu lakini nilinyamaza nikawa naandika tu. Hadithi nyingine nimeshaituma kwa watu wawili, nasubiri majibu yao.