Kuuza vyombo vya ndani mtandaoni: Facebook, kundi la WhatsApp, au nimwite mnunuzi wa jumla?

Nafasi_Finyu
Wakuu habari zenu. Nahamia nyumba ndogo kuliko hii ninayokaa na vitu vimenizidi. Sitaki kuhama na mizigo ambayo siitumii. Nina njia tatu kichwani: Facebook Marketplace, kundi la WhatsApp la majirani, au nimwite mmoja wa wale wanaonunua vitu vilivyotumika, achukue vyote kwa mpigo. Ipi inalipa? Aliyewahi kufanya anisaidie, nina haraka kidogo.

Dalali_Mstaafu
Vitu gani mkuu? Vijiko au makabati? Na "haraka kidogo" ni wiki hii au mwezi ujao? Una usafiri au mnunuzi ajibebee? Bila hayo tutakushauri hewani tu.

MamaPacha
Facebook, usihangaike. Mimi vitu vyangu vyote vimetoka huko. Kabati la viatu niliweka asubuhi, jioni limeshaondoka.

Kimya_Kingi
Nimekaa pale, nasubiri majibu. Na mimi stoo yangu haifunguki mlango.

Nafasi_Finyu
Samahani wakuu. Kuna friji, kabati la nguo la milango mitatu, kochi la watu watatu, kitanda cha mtoto, simu ya zamani, vitabu, na maboksi ya vyombo vya jikoni. Friji inafanya kazi. Gari sina.

Dalali_Mstaafu
Hujasema lini unahama. Haya, nitakupa kwa jumla.

Swali la kwanza usiulize mtandao gani, uliza nani atabeba. Kochi na kabati la milango mitatu soko lake haliendi mbali kuliko mtu atakavyokubali kulibeba. Ukilitangaza kwa watu laki moja, wanaoweza kulichukua ni wale wa karibu na wewe. Kwa hiyo vizito vipeleke kundi la majirani kwanza. Huko mnajuana, au angalau mnajua nyumba ya nani iko wapi, na mtu anakuja kuona kwa miguu yake.

Simu na vitabu ni kinyume chake. Vinaingia kwenye bahasha, kwa hiyo kadiri watu wanavyokuwa wengi ndivyo bei inavyopanda. eBay, lile soko la mnada la mtandaoni, ilipoanza mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, tena mbovu. Aliyeinunua alikuwa mkusanyaji wa kalamu mbovu za leza. Mtu kama huyo humpati kwenye kundi la majirani hata ungoje miaka.

Yanayobaki, mwite wa jumla. Atakupa bei ya kuudhi lakini atafagia chumba.

MamaPacha
Dalali, hata Facebook unaweza kuchagua umbali. Marketplace ilivyowekwa mwaka 2016 ilikuwa kwa ajili hiyo hiyo, watu wa eneo moja wauziane. Faida yake ni kwamba unaona ukurasa wa mtu: ana picha za muda mrefu, ana marafiki, au kafungua akaunti juzi.

Shangazi_Mkali
Akaunti inaweza kuwa ya muda mrefu na bado iwe ya tapeli, zinaibwa kila siku. Ngoja niwasimulie.

Nilikuwa nauza meza ya kulia na viti sita. Sitataja ni mtandao gani. Akaja mnunuzi, ukurasa wake umejaa picha za harusi na watoto. Hakuuliza bei ya mwisho, hakuuliza miguu ni mbao gani. Akaandika "nachukua" tu. Mnunuzi asiyeomba kupunguziwa hata kidogo tayari ni dalili, lakini tuendelee.

Akasema yuko safarini, atatuma kijana na gari. Kijana akaja kweli, na kamba na blanketi za kuzuia mikwaruzo, akaanza kupakia. Viti vinne vimeshapanda ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Kiasi ni kile kile, jina ni lile lile, hata nembo ya maneno wanayomalizia nayo ipo. Mimi nina tabia ya kusoma hadi nukta ya mwisho. Chini wameandika "salio lako jipya ni" kadha wa kadha, na hilo salio lilikuwa dogo kuliko pesa niliyoambiwa imeingia. Unawekewa kumi halafu salio linakuwa saba?

Nikamwambia kijana asimamishe. Nikaangalia akaunti yenyewe: hakuna kitu. Nikampigia bwana, akaanza kufoka. Mtandao unasumbua, kijana analipwa kwa saa, wewe dada huna imani na watu. Baadaye akapunguza sauti akaniomba nimtumie namba zilizoingia kwenye simu yangu "ili athibitishe malipo". Kumbe wakati tunabishana alikuwa anajaribu kuingia kwenye akaunti yangu, na zile namba ndizo ufunguo. Nikakata simu.

Kijana wa watu hakujua lolote, kakodiwa kubeba tu na hajalipwa. Tukasaidiana kushusha. Kiti kimoja kikavunjika mguu pale pale kwenye ngazi ya gari. Meza ikaja kuondoka na viti vitano kwa bei ya kutupa, na nilipolalamika kwa wenye mtandao nikajibiwa na mashine.

Kimya_Kingi
Duh! Hiyo ya salio naiandika.

Dalali_Mstaafu
Pole Shangazi. Ongezeni na hii: anayekutumia pesa "zaidi kwa bahati mbaya" kisha anaomba urudishe iliyozidi. Malipo yake ni ya uongo au yatabatilishwa, wewe umeshatoa pesa halali ya mfukoni mwako. Na skrinshoti ya malipo siyo malipo. Fungua akaunti yako mwenyewe uione pesa, ndiyo mzigo utoke mlangoni.

Mbishi_wa_Zamu
Sasa kwa hadithi hiyo moja mnataka tuache Facebook? Tapeli hata kwenye WhatsApp yupo. Mimi kilichonishinda Facebook ni "bado ipo?" Mtu anauliza bado ipo, unamjibu ipo, anapotea. Kesho anauliza tena yule yule. Kuna kitufe kinachomtumia swali hilo bila hata kuandika, ndiyo maana.

MamaPacha
Ukiandika tangazo la hovyo utapata maswali ya hovyo. Andika vipimo, andika kasoro, weka bei. Hasa bei! Watu wa "bei njoo inboksi" ndio wanaoharibu soko.

Mbishi_wa_Zamu
Bei inboksi ina maana yake. Ukiweka hadharani, watu wanaanza kukukejeli kwenye maoni, "hiyo mpya dukani inauzwa nusu", na mnunuzi wa kweli anakimbia.

MamaPacha
Wakikukejeli ujue bei yako ni ya kejeli. Ficheni bei tuone nani atawaandikia. Mimi tangazo lisilo na bei nalipita kama silioni.

Shangazi_Mkali
Hapo niko na MamaPacha. Na mnajua kwa nini wauzaji huwa tunapaisha? Mwaka 1990 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler waliandika kuhusu jaribio la vikombe. Wanafunzi nusu wakapewa vikombe, nusu hawakupewa. Waliopewa walipoulizwa watauza kwa ngapi wakataja karibu mara mbili ya walichokuwa tayari kulipa wenzao. Kikombe wamekishika dakika chache tu! Sasa wewe kochi umelikalia miaka, utalitajia bei gani? Tafuta matangazo ya kochi kama lako yaliyokwisha kuuzwa, siyo yanayoning'inia bila mteja, uanzie hapo.

Mbishi_wa_Zamu
Ya kikombe na ya kochi ni tofauti, ila sawa.

FundiBaridi
Samahani nimechelewa, nimeona friji imetajwa. Mkuu Nafasi, usiiuze kabla hujaamua itasafirije. Friji inasimama. Ikilazwa, oili ya kompresa inatambaa kuingia kwenye mabomba, mtu akifika kwake akaichomeka papo hapo kompresa inafanya kazi bila oili ya kutosha. Inaweza kufa. Kisha anakupigia wewe: umeniuzia friji bovu. Mwambie mnunuzi aisimamishe masaa kadhaa kabla ya kuwasha. Ikilazwa kabisa njiani, mimi nasema isubiri siku nzima.

Mbishi_wa_Zamu
Siku nzima? Kitabu cha friji yangu kinasema masaa machache tu. Mafundi mnapenda kutisha watu.

FundiBaridi
Vitabu vinatofautiana kwa sababu friji zinatofautiana. Fuata cha kwako. Ukiwa huna kitabu, kungoja hakugharimu kitu, kompresa inagharimu. Na angalia kibandiko nyuma: kama kimeandikwa R600a, hiyo gesi inawaka moto. Usimruhusu mnunuzi ajichomee bomba lake kwa ujanja.

Ushauri mwingine, iwashe tangu jana yake. Mnunuzi akifika afungue aone barafu, aweke mkono. Friji iliyozimwa hata kama nzima itauzwa kama mbovu, kwa sababu hana namna ya kujua. Ungeniambia umri wake na kama lile jimpira la mlangoni bado linabana. Weka karatasi, funga mlango, vuta karatasi. Ikitoka kirahisi, andika hivyo kwenye tangazo kabla hajaligundua mwenyewe na kukushushia bei mara tatu ya kasoro.

Nafasi_Finyu
Asante fundi. Mpira unabana isipokuwa kona ya chini. Umri sijui, niliikuta.

FundiBaridi
Umeikuta wapi?? Ni yako au ya mwenye nyumba?

Kimya_Kingi
😂😂😂

Nafasi_Finyu
Aliyehama kabla yangu aliiacha. Mwenye nyumba alisema nitumie.

Dalali_Mstaafu
"Tumia" siyo "uza" mkuu. Muulize kwa maandishi kabla ya tangazo. Friji nimeitoa kwenye orodha yako.

MamaPacha
Na kitanda cha mtoto, upande wake mmoja unashuka? Vile vya upande unaoshuka Marekani walipiga marufuku kuviuza tangu 2011, hata vilivyotumika, kwa sababu watoto walinaswa kati ya godoro na ule upande. Pima na nafasi kati ya fito: isizidi sentimita 6. Ikizidi usimuuzie mtu wala usimpe bure. Vunja.

Nafasi_Finyu
Hakishuki. Fito nitapima nikirudi nyumbani.

Kimya_Kingi
Na simu? Yangu ya zamani nimeifuta picha tu nikafikiri imetosha.

Mbishi_wa_Zamu
Haijatosha. Toa kwanza akaunti yako, iCloud au Google, ndiyo ufute kila kitu kwa kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Ukianza na kufuta bila kutoa akaunti, anayenunua akiwasha ataulizwa nywila yako, kwake ni tofali. Toa laini, toa memori kadi. Haya ndiyo mambo ya kujadili, siyo vikombe.

Shangazi_Mkali
Vikombe vimekuuma kweli. Ongeza: picha za tangazo zipige kwa kamera iliyozimwa lokesheni. Ukimtumia mtu picha kama faili, hasa barua pepe, inaweza kubeba pale ulipoipigia. Na usipige kochi huku televisheni na kompyuta zinaonekana nyuma, unamwonyesha mgeni ramani ya nyumba. Mimi kitu kinachobebeka nakutana na mtu mahali penye watu. Kochi sawa, atakuja, lakini lisogeze karibu na mlango asilazimike kupita vyumba.

MamaPacha
Vitabu gawa bure, vitakuchelewesha. Watu wanapiga picha kila jalada, wanangoja wiki, anauza kimoja.

Dalali_Mstaafu
Inategemea ni vitabu gani. Vya kiada vya toleo la sasa vinaondoka. Riwaya funga kumi kumi uuze kama fungu. Ila kweli, kutoa bure nako ni njia. Freecycle, mtandao wa kupeana vitu bure, ilianza 2003 kwa wazo hilo tu, kitu kisiende jalalani kama kuna anayekitaka.

Mbishi_wa_Zamu
Bure ndiyo balaa zaidi. Mtu wa bure anasema anakuja na haji, kwa sababu hajapoteza kitu. Weka bei hata ndogo, utaona anavyofika kwa wakati.

Dalali_Mstaafu
Nafasi, bado hujajibu. Unahama lini?

Nafasi_Finyu
Jumamosi.

Dalali_Mstaafu
Jumamosi HII?

Nafasi_Finyu
Ndiyo mkuu.

MamaPacha
Jamani! Weka kochi na kabati Facebook sasa hivi, bei ya kuondoa, siyo ya kujadili.

Dalali_Mstaafu
Weka majirani kwanza, usiku huu wako kwenye simu. Kesho mchana kama hakuna aliyekuja kuona, mwite wa jumla. Tena waite wawili, kila mmoja ajue kuna mwenzake. Kabati fungua milango na uhifadhi skrubu kwenye mfuko ulioubandika kwenye rafu. Kabati lisilo na skrubu linauzwa kama mbao.

MamaPacha
Kwa nini asiweke kote kuwili? Tangazo ni lile lile.

Dalali_Mstaafu
Aweke kote, aahidi watu wawili kitu kimoja, wagombane mlangoni kwake. Umewahi kuona hiyo?

MamaPacha
Ndiyo maana kuna kanuni, wa kwanza kulipa ndiye mwenye mali. Siyo wa kwanza kuandika "niwekee".

Kimya_Kingi
Samahani kuingilia, fundi bado upo? Mimi nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, nataka kuiuza. Nayo hailazwi?

FundiBaridi
Hiyo shida yake ni nyingine. Ilipokuja mpya ilikuwa na bolti ndefu nyuma zinazoshikilia pipa lisicheze njiani. Unatakiwa uzirudishe kabla ya kuisafirisha, la sivyo pipa linagonga na kuharibu springi. Maji nayo yamwage yote, kuna kifuniko kidogo chini mbele.

Kimya_Kingi
Bolti sijawahi kuziona. Niliinunua kwa mtu.

FundiBaridi
Tuma picha ya nyuma. Wengine huziacha zimefungwa pale pale miaka yote, ndiyo maana mashine inatembea chumba kizima ikikamua.

Kimya_Kingi
Yangu inatembea.